Moshi Ndani ya Ndege Iliyo Angani: Hatua za Wahudumu kwa Mpangilio

Wachunguzi wa Kanada walioshughulikia ajali ya Swissair 111, iliyoua watu 229 Septemba 1998, walipitia pia ajali 15 za moto angani zilizotokea kati ya 1967 na 1998. Kutoka dalili ya kwanza ya moto hadi ndege kuanguka au kutua kwa nguvu zilipita dakika 5 hadi 35. Sasa chukua safari ya Dar es Salaam kwenda Mumbai. Ukiwa katikati ya Bahari ya Hindi, kiwanja cha karibu kinaweza kuwa mbali kwa karibu saa nzima. Hesabu hiyo haikubali, na ndiyo sababu moto wa angani huzimwa na wale wale waliomo ndani ya ndege.

Mwongozo huu ni wa ndege yenye ujia mmoja na wahudumu wanne. Pale ambapo kitabu cha kampuni yako kinasema tofauti, fuata kitabu. Usichanganye taratibu mbili.

Istilahi

Kila neno lililo hapa lina maana moja tu kuanzia sasa hadi mwisho.

*Mpambanaji*: mhudumu aliyeugundua moshi. Yeye ndiye anayezima.
*Mwasiliani*: mhudumu wa pili kufika. Kazi yake ni simu ya ndani, hana nyingine.
*Msaidizi*: mhudumu wa tatu. Huleta vifaa na kuondoa vitu vya hatari.
*Mlezi*: mhudumu wa nne. Hubaki na abiria.
*Mtungi*: kizima moto cha mkononi chenye haloni, au dawa iliyoidhinishwa badala yake.
*Kofia*: kofia ya kufunika kichwa chote, yenye oksijeni yake, inayotumika takriban dakika 15.
*Chanzo*: kitu chenyewe kinachotoa moshi. Eneo si chanzo. "Chooni" ni eneo. "Pipa la taka la choo" ni chanzo.
*Kimepoa*: chanzo hakitoi moshi wala mvuke wala sauti ya kuchemka, na eneo linalokizunguka halina joto kwenye mgongo wa mkono.

Hatua ya 1. Kagua vifaa kabla ya abiria kupanda.

Shika kila mtungi ulio kwenye eneo lako. Hakikisha mshale wa kipimo uko kwenye kijani, pini imo na lakiri haijakatwa. Hakikisha pakiti ya kofia imefungwa na kiashiria chake hakijabadilika rangi. Tafuta glavu za moto na shoka dogo mahali ambapo orodha inasema vipo. Weka chupa 3 za maji za lita 1.5 pahali ambapo mkono wako unafika bila kuondoa kitu kingine.

Uhakiki: taja kwa sauti, bila kusoma, mahali palipo mtungi wa karibu na kofia ya karibu kutoka kwenye kiti chako. Ukisita, zunguka tena.

Hatua ya 2. Nenda kwenye moshi.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona ukungu usio na sababu, au kitambua moshi cha choo kikilia, nenda hapo mara moja ukiwa na mtungi wa karibu mkononi. Usiende kwanza kumtafuta mkuu wa wahudumu. Usisubiri abiria wa pili athibitishe. Ukipita karibu na mwenzako, mwambie maneno manne tu, kwa sauti ya kawaida: "Moshi, choo cha nyuma."

Hadi chanzo kionekane, kila moshi unachukuliwa kuwa moto. Mara nyingi utakuta ni mkate ulioungua kwenye oveni. Si hasara, umetembea mita 20 ukiwa na mtungi, basi.

Hatua ya 3. Gawa kazi.

Aliyefika wa kwanza ni Mpambanaji, hata kama ndiye mgeni kazini na wenzake wana miaka 20. Cheo hakibadilishi nafasi hapa. Wa pili ni Mwasiliani, wa tatu Msaidizi, wa nne Mlezi. Kila mmoja aitaje nafasi yake kwa sauti akiichukua. Hatua za 4, 5 na 8 huanza kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na mtu wake. Zimeandikwa kwa kufuatana kwa sababu karatasi haina njia nyingine.

Hatua ya 4. Toa taarifa kwa marubani.

Mwasiliani apige simu ya ndani na kutoa mambo sita, kwa mpangilio huu bila kuruka:

1. Mahali: safu ya kiti au namba ya choo.
2. Chanzo, kama kimeonekana. Kama hakijaonekana, sema "chanzo hakijaonekana".
3. Rangi ya moshi na wingi wake.
4. Harufu: umeme, plastiki, karatasi, mafuta, chakula.
5. Kinachofanyika sasa na nani anakifanya.
6. Saa ya kugundua.

Mfano kamili: "Kapteni, moshi choo cha nyuma kulia. Chanzo hakijaonekana. Moshi wa kijivu, mwepesi. Harufu ya plastiki. Mpambanaji yuko mlangoni na mtungi. Tumegundua saa 8 na dakika 14."

Usikate simu. Mwasiliani abaki kwenye simu hadi kapteni mwenyewe aseme akate. Asifungue mlango wa chumba cha marubani ili kueleza ana kwa ana, kwa kuwa mlango huo ndio unaozuia moshi usiwafikie. Huko ndani nao wana hatua zao: kuvaa barakoa za oksijeni asilimia 100, kupitia orodha yao, kutangaza dharura kwa waongozaji wa ndege na kuchagua kiwanja. Sauti ya rubani itasikika nzito, yenye pumzi za barakoa. Mwasiliani amwache amalize sentensi.

Hatua ya 5. Tafuta chanzo.

Tumia macho, pua, na mgongo wa mkono. Kiganja kina kazi nyingine, na kikiungua huwezi tena kushika mtungi. Anza chini, panda katikati, malizia juu. Gusa kwa sekunde 1, toa mkono, sogea sentimita 20, gusa tena. Sehemu yenye joto kuliko jirani zake ndiyo unayoitafuta.

Kagua kwa mfululizo huu: vyoo, jiko, makabati ya juu, viti, kisha kuta na dari. Sikiliza pia. Betri inayoharibika huzomea au hupasuka kabla ya kuwaka.

Moshi husafiri na hewa ya kabini, kwa hiyo unaweza kutokea mbali na chanzo. Usiseme umekipata mpaka umekiona.

Hatua ya 6. Vaa kofia.

Vaa kabla ya kufungua kitu chochote chenye joto, na kabla ya kuingia kwenye moshi unaokufanya ukohoe. Fungua pakiti, tanua shingo ya kofia kwa mikono miwili, ingiza kichwa, kisha vuta chini mpaka ikae shingoni. Ingiza nywele zote ndani, hereni na ushungi pia. Washa oksijeni kama aina yako inahitaji kuwashwa.

Uhakiki: pumua mara mbili. Ukisikia harufu ya moshi, shingo haijakaa vizuri; irekebishe ukiwa bado nje ya moshi.

Ndani ya kofia utasikia zaidi pumzi zako kuliko maneno ya mwenzako. Ndiyo maana Msaidizi husimama anapoonekana na kuongea kwa mkono: kidole juu maana yake endelea, ngumi maana yake toka.

Msaidizi aanze kuhesabu muda tangu kofia inapovaliwa. Dakika ya 12 ampe Mpambanaji ngumi. Aliyetoka aivulie mbali na moto na apapase nywele zake vizuri, kwa kuwa oksijeni hubaki kwenye nywele na huzifanya ziwake upesi.

Hatua ya 7. Zima moto.

Chagua kifungu kimoja kati ya A, B, C na D kulingana na chanzo. Katika vyote, mtungi hushikwa wima, pini huvutwa, mdomo huelekezwa kwenye shina la moto kutoka mita 2 hivi, kisha dawa hufagiwa kushoto na kulia. Mtungi mdogo wa haloni huisha kwa takriban sekunde 10. Msaidizi awe na wa pili mkononi kabla wa kwanza haujaisha.

*A. Choo.*

Gonga mlango na uite. Kama kuna mtu ndani, mtoe kwanza. Gusa mlango kwa mgongo wa mkono, chini, katikati, juu. Ukiwa baridi, fungua sentimita 5, tazama, kisha ingia kwa tahadhari. Ukiwa na joto, chuchumaa pembeni, fungua upenyo unaotosha mdomo wa mtungi pekee, puliza, funga. Usifungue mlango wote ili kuona vizuri. Hewa mpya ni chakula cha moto. Subiri, gusa tena, rudia kama joto halijashuka.

Chanzo kikiwa pipa la taka, lijaze maji hata kama limeacha kutoa moshi. Pipa hilo lina kizima moto chake kinachojifyatua kwa joto, lakini usikihesabu kama mwenzako. Na kama unashangaa kwa nini mlango wa choo una kisahani cha majivu wakati uvutaji umepigwa marufuku: anayevunja sharti lazima awe na pahali pa kuzimia sigara yake pasipo na karatasi. Julai 1973 moto ulioanzia choo cha nyuma cha Boeing 707 ya Varig, karibu na Paris, uliua watu 123.

*B. Simu, pawabenki, kishikwambi au kompyuta mpakato.*

Huu ndio moto utakaoukuta zaidi siku hizi. Kanuni zinakataza pawabenki kwenye mizigo ya chini na kuielekeza kabini, makusudi, ili ikiwaka iwake mbele ya mtu mwenye mtungi.

1. Ondoa abiria wa safu hiyo, ya mbele yake na ya nyuma yake.
2. Zima miali kwa mtungi, kama ipo.
3. Chomoa waya wa kuchajia ikiwa unaufikia bila kugusa kifaa. Zima umeme wa viti.
4. Mwagia maji kifaa chote, polepole na mfululizo. Chupa ya kwanza ikiisha, endelea na ya pili. Maji yakikosekana tumia soda au juisi. Usitumie kileo.
5. Acha kumwaga mvuke na sauti vikikoma. Tazama kwa dakika 15 bila kuondoka. Kikitoa moshi tena, rudia namba 4.
6. Kikishapoa, kihamishe kwa glavu za moto hadi kwenye chombo chenye maji ya kukizamisha chote, au mfuko maalumu wa ndege yako. Kiweke chooni au pahali kitabu kinaposema, kifungwe kisimwagike, na kikaguliwe hadi kutua.

Namba 2 na namba 4 hazibadilishani wala moja haitoshi peke yake. Haloni huua miali lakini haipozi. Ndani ya betri seli ya kwanza iliyoharibika huipasha ya pili, na ya pili ikafuata. Maji ndiyo hukata mnyororo huo. Barafu, kinyume na unavyodhani, imekatazwa: hukifunika kifaa na kuzuia joto lisitoke. Blanketi vilevile. Na usikinyanyue kifaa kinachotoa moshi ili ukikimbize jikoni, kwani kinaweza kupasuka mkononi, katikati ya abiria wote.

Kifaa kikiwa kimeangukia ndani ya kiti, tatizo linaanza na mwenye simu mwenyewe. Ataanza kubonyeza vitufe vya kiti ili aipate. Mshike mkono, mwambie: "Kaka, kiti usikiguse kabisa. Simama, njoo huku kwangu." Kiti kikijikunja juu ya simu, betri husagwa na kuwaka. Simu itafutwe kwa tochi, kiti kikiwa kimetulia.

*C. Oveni.*

Zima umeme wa oveni, kisha umeme wote wa jiko. Acha mlango wa oveni umefungwa. Moto usiopata hewa hufa wenyewe. Moshi ukizidi, vaa kofia, fungua upenyo, puliza, funga. Usiirudishe kwenye umeme kwa safari iliyobaki, hata kama abiria wa mbele hawajala.

*D. Nyuma ya ukuta au dari.*

Tafuta sehemu yenye joto kuliko zote kwa njia ya hatua ya 5. Mwasiliani awaarifu marubani kwamba paneli inafunguliwa, na wapi hasa, kwa sababu nyuma yake huenda mkapita nyaya wanazozitegemea. Bandua ukingo wa paneli, au toboa kwa shoka dogo tundu linalotosha mdomo wa mtungi, si zaidi. Usipige shoka kwa nguvu zote. Puliza mtungi mzima ndani ya tundu.

Kwa yote manne: swichi ya umeme iliyojikata yenyewe isirudishwe na mhudumu. Imejikata kwa sababu.

Hatua ya 8. Linda abiria.

Mlezi awahamishe abiria walio karibu na chanzo. Viti vikiisha wakae wawili wawili au sakafuni kwa muda. Agawe vitambaa vilivyoloweshwa maji. Tangazo liwe fupi: "Inameni chini. Funikeni pua na mdomo kwa kitambaa. Pumueni taratibu. Tunashughulikia." Hewa safi huwa chini, moshi juu.

Usiombe barakoa za dari zishushwe kwa ajili ya moshi. Barakoa hizo huchanganya oksijeni na hewa ya kabini, kwa hiyo abiria ataendelea kuvuta moshi ule ule, na oksijeni itauongezea moto nguvu. Abiria watazililia, na wengine watakuwa wakali. Jibu ni moja: "Mama, barakoa ile haichuji moshi. Kitambaa hiki kinakusaidia zaidi." Wakati huohuo Msaidizi aondoe mitungi ya oksijeni ya huduma ya kwanza iliyo karibu na chanzo.

Hatua ya 9. Thibitisha kwamba chanzo kimepoa.

Hatua hii ndiyo hurukwa, na ndiyo iliyogharimu sana katika safari ya Air Canada 797 ya tarehe 2 Juni 1983. Swichi za mota ya choo cha nyuma zilijikata, kapteni akajaribu kuzirudisha. Baadaye moshi ukaonekana chooni. Mhudumu alipuliza mtungi wa kaboni dioksidi ndani, hakuona miali, akafunga mlango. Taarifa iliyofika mbele ilikuwa kwamba moshi unapungua, na uamuzi wa kushuka ukachelewa. Moto ulikuwa nyuma ya kuta za choo muda wote. Ndege ilitua Cincinnati. Sekunde 60 hadi 90 baada ya milango kufunguliwa, kabini nzima ililipuka moto. Kati ya watu 46 waliokuwamo, 23 walikufa.

Kwa hiyo "moshi unapungua" si taarifa inayokamilika. Mpambanaji ajibu maswali manne, na Mwasiliani ayafikishe kama yalivyo:

1. Je, umekiona chanzo kwa macho?
2. Je, kimepoa, kwa maana iliyotolewa juu?
3. Je, kuta, dari na sakafu vinavyokizunguka havina joto?
4. Je, nani amebaki akikitazama?

Jibu la kwanza likiwa "hapana", maneno ya kupeleka mbele ni haya tu: "Chanzo hakijaonekana, chukulieni moto bado unawaka." Rubani anaamua kasi ya kushuka kwa maneno yako, kwa hiyo usimpunguzie wasiwasi ambao wewe mwenyewe hujaupunguza.

Rudia uhakiki kila dakika 5 hadi kutua.

Hatua ya 10. Pokea maelekezo ya kapteni.

Mkuu wa wahudumu ayaandike kwa mpangilio huu: tatizo ni nini, tunakusudia kufanya nini, tuna dakika ngapi, kuna maelekezo gani maalumu. Ayarudie kwa kapteni neno kwa neno, kisha alinganishe saa yake na ya kapteni. Ayapeleke kwa wenzake wote watatu, na kila mmoja ayarudie.

Hatua ya 11. Andaa kabini, kisha toa abiria.

Funga jiko, rudisha viti wima, onyesha milango. Mpambanaji aendelee kulinda chanzo hadi kapteni atakapoamuru wote waketi.

Ndege ikisimama, sikiliza amri. Agosti 1980 TriStar ya Saudia, safari 163, ilirudi Riyadh ikiwa na moto nyuma na ikatua salama. Iliendelea kutembea dakika 2 na sekunde 40 kabla ya kusimama, na injini zikaendelea kuunguruma zaidi ya dakika 3 baada ya hapo. Hakuna mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Watu wote 301 walikufa. Kwa sababu hiyo, ndege ikiwa imesimama, kabini ikijaa moshi mzito au moto, na amri haisikiki, piga simu mbele mara moja. Usipojibiwa, mhudumu ana mamlaka ya kuanzisha utoaji wa abiria.

Kabla ya kufungua mlango, tazama nje kupitia kidirisha: moto, injini inayozunguka, maji. Mlango ukiwa na hatari, uzuie na uwaelekeze kwingine. Ukiwa salama, fungua, hakikisha ngazi ya kuteleza imejaa upepo, kisha paza sauti: "Fungueni mikanda! Acheni mizigo! Njooni huku!" Atakayetokea na begi, lichukue ulitupe pembeni, usibishane naye mlangoni.

Hatua ya 12. Andika.

Andika siku ile ile: saa ya kugundua, chanzo, mitungi na kofia zilizotumika kwa namba zake, na saa chanzo kilipopoa. Kifaa kilichowaka kikabidhiwe kikiwa bado ndani ya maji. Kila aliyevuta moshi apimwe na daktari hata kama anajisikia mzima, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu. Mtungi uliopulizwa hata kwa sekunde 1 usirudishwe kwenye kishikio chake. Ulazwe sakafuni, ufungwe utepe, na fundi aweke mwingine kabla ndege haijapewa ruhusa ya kuondoka.